Mwandishi Mpya wa Bwana Radi

"Yule mwandishi wa zamani hajui kuandika," Athman alisema, akatema mate nje ya duka. "Kila wiki Bwana Radi anaruka, anapiga mwizi mmoja, anakwenda kulala. Hata mbuzi wangu angeandika vile."

Nani ambishie? Athman alikuwa mkuu wa wavuta pantoni, kivuko cha kamba, pale Garsen. Masika hayo ya miaka ya hamsini mto ulifurika, pantoni ikafungwa kamba mtini, naye hakuwa na kazi ila kukaa kwenye benchi la Dagane mwenye duka, kunywa chai isiyo na sukari na kuwahukumu watu asiowajua.

Bwana Radi alikuwa shujaa wa gazeti la picha, wa kuinua malori kwa kidole. Kila Ijumaa baada ya sala, Batula binti Dagane alikaa nyuma ya pazia akawasomea wanaume kisa chake, mwisho akataja jina la mwandishi. Gazeti likishasomwa, baba yake hulichana akafungia tumbaku.

Tangu mafuriko, benchi zima lilimpenda mwandishi mmoja tu, mpya: Bwana Kombo. Kombo alimpa Radi mama mkali na hofu ya mamba. Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Siku Radi alipomzika mama yake, Athman alijifanya moshi wa kuni umemwingia machoni.

"Kombo ni mwanamume," alisema. "Anaujua mto. Anayemharibu ni huyu msichana, anameza maneno kama ugali."

Basi akamshikilia Dagane: siku pantoni itakaporudi majini, gazeti alisome yeye Athman. Vinginevyo atahama na wavuta kamba wake wote wakanywe chai kwingine. Dagane akaogopa kukosa wateja, akakubali. Batula alilia. Saa ile ya Ijumaa ndiyo pekee wanaume wa Garsen walipomnyamazia wakamsikiliza.

Maji yakashuka. Athman alivuta kamba kwa mikono yake mwenyewe, akavusha gari la Malindi, la kwanza tangu masika yaanze. Furushi la magazeti lililokuja na gari hilo hakutaka mtu mwingine alibebe. Alilitia kichwani mpaka dukani, akitangaza njia nzima kwamba leo Kombo atasomwa na mwanamume.

Dagane alikata kamba ya furushi. Athman akafunua gazeti la juu, akatafuta jina. Akafunua la pili. La Aprili, la Mei, la Juni, yote yalikuwa ya yule wa zamani, na katika yote Radi alipiga mwizi mmoja akaenda kulala.

"Kombo hayumo," alisema. "Yale yake yako wapi? Yalivukaje?"

Batula alitoka nyuma ya pazia, kwapani gazeti kuukuu la kabla ya mafuriko, akamtilia sukari kwenye chai, akakoroga taratibu.

"Pantoni ni yako, ami," alisema. "Tuambie wewe."