Onja Kwanza Wewe

"Hivi mama mkwe wako, mbona mafua yanatulaza sote, yeye hayampati?" jirani yake Mwanahija alimuuliza Zuena siku moja, akacheka puani na kuendelea kuanika nguo. Swali lile lilimkaa Zuena moyoni.

Sasa mafua yamemlaza Zuena mwenyewe. Bi Shekue, mama wa mumewe, aliingia na kikombe cha tangawizi, mchaichai na limau, kinafuka mvuke.

"Kunywa, mwanangu, kingali moto."

"Onja kwanza wewe."

Bi Shekue alisita. Mwenye kutoa dawa huonja kwanza, ndiyo desturi, wala yeye hakuwahi kungoja aambiwe. Akasema bismillahi, akapiga funda moja.

"Funda moja hata mchawi hulinywa," Zuena alisema, sauti ikimkwaruza. "Kinywe chote, mama."

"Mimi?"

"Kwani nasema na ukuta?"

Nje ya dirisha, Mwanahija aliacha kukung'uta nguo.

Bi Shekue alikinywa chote bila haraka, moto ukimtoa machozi, macho yake hayabanduki usoni mwa mkwewe. Kisha akakipindua kikombe juu ya kigoda, kando ya kitanda.

Kikohozi kikamshika Zuena, kikamkunja mpaka magoti yakafika kidevuni. Kilipomwachia, aliuliza kwa sauti ndogo, "Dawa imebaki kidogo jikoni, mama?"

Bi Shekue alijitanda kanga yake vizuri, akakiacha kikombe vilevile kilivyopinduliwa, akatoka, akaupita mlango wa jikoni.