Semina ya Mama Nungunungu

Wanyama walipoanza tu kusomesha watoto, Mama Nungunungu alisoma kuliko bintiye. Kila jioni aling'oa mwiba mgongoni, akauchovya kwenye wino, akamfanyia Tuli hesabu zote, naye Tuli akabaki kumtazama.

"Nikimwachia atakosea," alisema. "Majirani watanionaje?"

Mwalimu Korongo akaita semina ya wazazi. Somo lilikuwa moja: mtoto afanye kazi yake mwenyewe. Mama Nungunungu alikaa mbele, akaitikia kwa kichwa mpaka miiba ikagongana.

"Kesho," Korongo akamaliza, "mzazi ambaye mwanawe ataleta kazi ya mkono wake mwenyewe atapata cheti."

Cheti! Mama Nungunungu akauona kabisa ukuta atakapokitundika. Jioni akashika mwiba kwa mkono wa kushoto, akapindapinda tarakimu, akakosea hesabu tatu makusudi, na tone la wino akalidondosha juu.

Asubuhi Korongo akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu.

"Mama Tuli, hii kaifanya nani?"

"Mwanangu, mwalimu! Huoni makosa yalivyojaa?"

"Nayaona. Ila Tuli darasani aliacha kukosea hivi tangu mvua za vuli."

Tuli akapandishwa darasa. Mama akarudishwa semina, akapewa daftari la mazoezi, na sharti juu yake: kila ukurasa utiwe sahihi na mtu wa nyumbani.

Jioni Tuli akalipitia daftari, akalirudisha bila sahihi.

"Ya tatu umekosea, mama. Rudia. Na usinitazame mimi."