Kisirani Apanda Mwenyewe

Kisirani alikuwa ameweka kwato moja juu ya ubao wa kupandia lori, na mkufunzi hakuthubutu hata kupiga chafya. Kamba aliishika kwa vidole viwili tu, imelegea. Hakuna aliyemvuta farasi, hakuna aliyemsukuma. Nyuma yao kaka yake mkufunzi alisimama amekunja mikono, akisubiri ama kuaibika ama kucheka, na uso wake haukuficha angependa lipi.

Farasi alikuwa wa huyo kaka. Miaka nenda miaka rudi walihangaika pamoja na mkokoteni wa mbao na saruji, mmoja akivuta, mwingine akichapa, wakinuniana kama wake wenza. Jina la Kisirani alilipata kihalali. Aligoma penye mlima, aligoma penye tambarare, na siku moja aligoma mbele ya gari la maharusi mpaka bwana harusi akashuka akaenda kwa miguu. Kaka alipopata pikipiki ya magurudumu matatu, alimwachia farasi uwanja wa nyuma ya nyumba. Huko Kisirani akala majani, akalala, akanenepa, na akichoka na majani alitafuna nguo za wenyewe kwenye kamba.

Mkufunzi, dada mtu, aliyaona hayo akasikitika kwelikweli. Yeye alifanya kazi katika kituo cha kisasa cha kufundishia farasi, mapokezi yananukia maua, na ukutani bango kubwa: FURAHA YA FARASI KWANZA. Pale fimbo ilikuwa haramu, hata ya kutembelea. Mzee mmoja aliombwa kuacha mkongojo wake getini, akaingia akishika ukuta. Kila farasi alikuwa na mpango wake, chakula chake, saa yake ya kukandwa na muziki wake. Mkurugenzi, bwana mwenye sauti ya kubembelezea watoto walale, hakumkaripia mtu hata siku moja, kwa kuwa farasi wangesikia. Hata kufukuza watu kazi alifukuza kwa kunong'ona.

"Wateja wetu ni familia," alipenda kusema. "Farasi akiwa na hofu, wao wanajua siku hiyohiyo. Nataka kila mmoja aondoke hapa bila kovu na bila wasiwasi hata chembe."

Mkufunzi aliyaamini maneno hayo kama dua. Farasi wengi alikwisha kuwafundisha, na wote aliwapungia mkono lori lilipotoka kuwapeleka kwa familia hizo.

Basi akaenda kwa kaka yake kumwambia kwamba Kisirani anateseka, hana mpango. Kaka akajibu kuwa mpango anao, kula na kulala, kisha akauliza kama huko kituoni hawapokei na binadamu wa kukandwa mgongo. Mkufunzi hakucheka. Alimkumbusha alama za fimbo kwenye mbavu za yule mnyama, akamkumbusha na zile ambazo baba yao aliwaachia wao wawili. Kesho yake kaka alimleta farasi mwenyewe, wakitembea bega kwa bega, akamkabidhi dada yake kamba.

"Mkimpiga nitajua," alisema.

"Hapa hatupigi, kaka. Hapa tunamsikiliza."

Kazi yenyewe haikuwa lelemama. Kisirani alimng'ata mkufunzi bega, akaikanyaga redio ya muziki wake, na lori aliliogopa kuliko kitu chochote duniani. Mkufunzi hakumlazimisha. Alikaa juu ya ule ubao akisoma gazeti mpaka farasi akaja kuchungulia habari. Akamzoesha kupita kwenye njia nyembamba yenye kuta za mbao, na kusimama tuli mtu asiyemjua anapomshika paji la uso. Hayo mawili mkurugenzi aliyasisitiza sana. Haba na haba, karoti baada ya karoti, mnyama akaanza kumwamini, na yeye akampenda kuliko alivyotaka watu wajue. Aliomba tu asishindwe, maana akishindwa Kisirani atarudi uwanjani kwa kaka, na kaka atasema maisha yake yote kwamba mnyama anaijua fimbo tu.

Sasa kwato ya pili ikafuata ya kwanza. Kisirani akasita. Aligeuza shingo akamtazama mwenye mkokoteni wake wa zamani, na kaka akakunjua mikono bila kujua ameikunjua. Mkufunzi alipiga hatua moja ndani ya lori, akangoja, na farasi akashusha pumzi ndefu akamfuata taratibu mpaka ndani, kama mtu anayeingia kwake.

Mkurugenzi alipiga makofi yasiyo na sauti. Kaka alijifuta macho kwa kiganja, akalaumu vumbi.

"Sikujua, dada yangu," alisema. "Miaka yote ile, kumbe ilitosha kumwomba tu."

Mkufunzi alimkumbatia. Aliona kwamba ameokoa viumbe wawili kwa pamoja, na mmoja wao ni ndugu yake wa tumbo moja.

Dereva wa lori alifunga mlango polepole usije ukagonga, akamjia mkufunzi kumpa mkono.

"Kumbe fundi wao ndiye wewe, dada? Hongera sana," alisema. "Tangu uanze kazi, pale machinjioni hatusumbuki tena. Wanaingia wenyewe, na nyama imekuwa laini, hata watoto wanaimaliza."