Nyuki wa Masjala

Karani wa masjala alihamisha pamba kwa ulimi kutoka shavu la kushoto hadi la kulia, kisha akakumbuka kwamba asubuhi uvimbe ulikuwa kushoto. Akairudisha upesi.

"Pole, mwanangu," alisema mama wa usafi, akifagia chini ya ufa wa ukuta wenye nyuki. "Mimi napita hapa kila siku, mbona hawanigusi?"

"Wanachagua damu, mama."

Nyuki hao walikuwa wamempatia siku tatu za kukaa nyumbani, na zote alizilala. Ila roho haikutulia. Alishamzika bibi yake mara mbili, na bosi alimwonya kwamba uongo mwingine utamtoa kazini. Afadhali kwa habari ya nyuki bosi alikuwa mwepesi wa huruma, maana yeye ndiye aliyeumwa wa kwanza. Alikaa nyumbani wiki mbili, akarudi amenawiri, na mpaka leo hakalii kiti bila mto.

Mchana akaingia mtaalamu wa nyuki. Mama wa usafi ndiye aliyemwita, bila kumuuliza mtu, kisha akaenda zake kumwaga maji. Bosi akaja mbio, mto kwapani.

Mtaalamu hakuvaa hata glavu. Alisogeza uso hadi kwenye kijimrija cha nta kilichotokeza ukutani, na nyuki weusi, wadogo kama sisimizi, wakamtembea puani. Akacheka.

"Hawa ni wenyeji wa hapa tangu zamani. Hukaa kwenye mashimo ya miti, na wakiyakosa, hata ukutani. Hawana mwiba wa kumchoma mtu. Hawajawahi kumuuma yeyote." Akatoa kalamu. "Nitaandika hivyo kwenye ripoti."

Karani akabaki mdomo wazi. Pamba ikadondoka, ikatua mbele ya kiatu cha bosi.

Bosi akaitazama pamba. Akamtazama karani. Akaenda kufunga mlango, polepole, na karani akaanza kutunga kichwani barua ya kuomba msamaha.

"Mtaalamu," bosi akanong'ona, akiukumbatia mto wake, "andika wanauma. Andika wanapendelea makalio." Kisha akamgeukia karani. "Na wewe rudisha pamba, mama wa usafi anakuja."