Taa Nyekundu ya Marehemu

Taa nyekundu iliwaka tena, na mjane akaangusha ufagio.

Hakuna aliyeigusa mashine. Ilisimama palepale ukutani sebuleni, mashine kuukuu ya kuchezea gololi ya chuma, ile ya kuvuta springi na kubofya vitufe, ambayo mumewe aliinunua siku ilipofungwa klabu alikokuwa akifanya kazi. Taa ile ilikuwa na kazi moja tu, kumuumbua mchezaji mwizi. Ukiinyanyua mashine kidogo ili gololi ielekee unakotaka, inawaka na mchezo unakufa papo hapo. Na mzee alikuwa mwizi wa kutupwa. Kila ilipowaka, mkewe alimcheka kutoka jikoni, "Umeshikwa tena, baba."

Sasa mzee yuko kaburini, na taa bado inawaka.

Mjane alimpigia fundi simu kwa kunong'ona, maana bintiye alikuwa ghorofani akiwalaza mapacha usingizi wa mchana. Binti alirudi nyumbani na wanawe baada ya msiba, na alishasema waziwazi kwamba akiona kioja kimoja tu humu ndani, anafungasha. Mama wa watu alikuwa radhi kutetemeka kimyakimya kuliko kubaki peke yake na vyumba vitupu.

Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Waya, aliingia kwa kuusukuma mlango na bega.

"Mlango wako umenuna, mama."

"Mvua hizi. Hata wa chumba cha watoto huko juu unakwama. Ukiusukuma unafunguka." Alifunga dirisha haraka. Jirani alikuwa akichimba msingi wa ghorofa lake, na vumbi lilikuwa linaingia hadi kwenye chai. "Tafadhali, sema polepole. Binti yangu asisikie."

Waya alifungua kioo, akachomoa balbu, akaweka nyingine. Ikawaka. Akafuata waya kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akipiga mluzi. Hakuna ulipochunika. Akasugua soketi. Nayo haikuwa na neno.

"Si taa tu," mjane akanong'ona. "Hata picha yake."

Picha ya marehemu ilitundikwa kwa msumari mmoja juu ya mashine. Ilikuwa imepinda.

"Naiweka sawa na ukuta. Nikigeuka tu, imepinda tena, upande uleule. Mwanangu, mimi sijafanya lolote baya. Nilimzika vizuri. Anataka nini kwangu?"

"Marehemu wana mambo yao huko waliko," Waya akacheka. "Hawawezi kuja kubishana na balbu." Lakini mluzi hakuupiga tena.

Alifungua ubao wa ubavuni, akamwonyesha kijirisasi, kijipande kizito cha madini ya risasi, kilichoning'inia ndani ya pete ya chuma. "Mchongezi mwenyewe huyu hapa. Mashine ikikaa sawa, ananing'inia katikati. Ikiinama, anagusa pete, taa inawaka. Unaona? Amegusa."

Akachuchumaa kutazama miguu ya mashine. Chini ya miguu ya upande wa dirisha kulikuwa na vipande vya boksi vilivyokunjwa, kimoja juu ya kingine, unene wa mche wa sabuni.

"Nani kaweka haya?"

"Mimi. Mzee alikuwa akifanya hivyo ikiwaka bila sababu. Naweka kimoja, inazimika. Zinapita siku chache, inawaka. Naongeza kingine. Ndiyo maana najua ni yeye. Alikuwa anainyanyulia upande huohuo."

Waya aliviminya vile vipande. Havikuwa vimebonyea. Akalaza kiganja sakafuni, akakiacha hapo kwa muda, kisha akatazama dirishani, kule jirani alikokuwa akichimba.

"Una uzi, mama?"

Alimletea uzi kutoka kwenye kikapu cha kushonea. Fundi alikifungua kile kijirisasi, akakifunga mwishoni mwa uzi, akaenda nacho mlangoni. Mjane akadhani sasa anaagua. Alitamani kumwambia aache, aichukue mashine yote bure akaitupe mbali.

Waya aliubana uzi juu kabisa ya fremu ya mlango, akauachia ushuke. Wakangoja utulie. Kule juu, uzi ulikuwa umegusa mbao. Kule chini, kijirisasi kilielea hewani, mbali na mbao kiasi cha ngumi kupita katikati.

Aliuhamishia kwenye kona ya ukuta. Ikawa vilevile. Jasho lilimtoka fundi usoni, naye hakulifuta.

"Ni yeye?" mjane akauliza. "Niambie tu, mwanangu. Nitavumilia. Ni yeye?"

"Bora angekuwa yeye," fundi akasema. "Mashine yako ni nzima, mama. Nyumba ndiyo inayoinama. Waite walio juu washuke, sasa hivi, wasibebe kitu."

Kabla mjane hajafungua kinywa, sauti ya binti ilishuka kutoka ghorofani, ya kawaida kabisa, yenye kicheko kidogo.

"Mama, hebu njoo na bega lako. Mlango wa watoto umegoma tena, na leo hausogei hata kidogo."