Nyumba Inayoitikia Hodi

Wakaguzi wa manispaa hupita kila siku wakibisha hodi, na nyumba isiyoitikia kwa siku tatu hupewa mtu mwingine. Kwa hiyo Tunu, aliyekuwa anakwenda Izmir, Uturuki, kwa wiki mbili kununua mashine za kukamua ufuta, alipanga nguo, akakagua pasipoti, kisha akamwita fundi wa sauti.

Fundi alibandika kifaa kidogo cha kuitikia hodi juu ya mlango. "Ongea hapa, mama. Sema kama unavyowakaribisha wageni wako."

"Karibu," alisema Tunu.

"Hiyo ni ya kumfukuza mtu. Mkaguzi akiisikia atajua nyumba haina mtu. Hebu mfikirie mgeni unayempenda."

Tunu alifikiri mpaka fundi akaanza kutazama saa. Hakuna sura iliyomjia. Mwishowe alifumba macho, akawaza tu kwamba kuna mtu amefika.

"Karibu, karibu sana. Pita ndani, nilikuwa nakungoja."

"Sasa hiyo ndiyo," alisema fundi, akakusanya vifaa vyake, akaenda zake.

Asubuhi teksi ilipofika, Tunu alifunga mlango, akaburuta sanduku mpaka getini. Hapo akakumbuka kwamba hajakijaribu kile kifaa. Akarudi na sanduku mkononi, akagonga.

"Hodi."

"Karibu, karibu sana. Pita ndani, nilikuwa nakungoja."

Kilikuwa kinafanya kazi vizuri. Dereva akapiga honi. Tunu aliweka sanduku chini, akatengeneza mtandio wake, akagonga tena.