Heroe wa Ziwa la Magadi

Heroe mmoja alikohoa.

Bwana Yeremia, afisa wa maliasili aliyetumwa kukagua ufuko wa ziwa, alishusha darubini. "Umesikia?"

"Ni magadi hayo, mheshimiwa," Othmani, mwenyeji wake, alijibu haraka. "Yanawakereketa koo."

Othmani alikuwa na kila sababu ya kutokwa jasho. Tangu ije ruksa ya biashara huria, tajiri mmoja alikuwa anautaka ufuko wote, auzungushie uzio achimbe chumvi. Kijiji kingefukuzwa kwenye maji yake, ng'ombe na watu, na nyumba ya wageni ya Othmani ingekufa kabla haijaezekwa. Dawa ilikuwa moja tu: ufuko utangazwe hifadhi, wageni waje kutembea na kutazama ndege. Bila ndege, hakuna hifadhi.

Ndege, Mungu ashukuriwe, walikuwepo. Walisimama majini, mbali kidogo na ukingo, waridi watupu, kila mmoja kwa mguu mmoja na kichwa kakificha kwapani. Walikuwa wanene kidogo kwa heroe, lakini unene nao ni kosa?

Wawili hao waliifuata njia mpya iliyofagiwa vizuri. Kijiji kilikuwa kimya.

"Watu wako wapi leo?" Yeremia aliuliza.

"Mnadani, mheshimiwa."

"Wote?"

"Siku hizi ni ruksa."

Yeremia aliguna. Alikuwa mzaliwa wa hapo hapo, ingawa kazi ilimpeleka Dodoma. "Hata mama sijamkuta. Mlango umefungwa, kuku wanazurura. Na nilitaka kumnunulia kanga ya waridi, ndiyo rangi yake. Singida mjini nimezunguka maduka yote, zimekwisha. Umewahi kuona jambo kama hilo?"

"Harusi zimekuwa nyingi," alisema Othmani.

"Haya. Hebu nipige makofi niwaone wakiruka."

"Usipige!" Othmani alimdaka mkono, kisha akauachia kwa aibu. "Samahani, mheshimiwa. Wengine ni wajawazito."

Yeremia akainua tena darubini, akaipitisha polepole kutoka ndege hadi ndege, mpaka ikafika kwa mmoja mfupi, wa mwisho kabisa, aliyekuwa anayumbayumba. Hapo ikatulia. Othmani alianza kuomba dua kimoyomoyo.

"Nimeridhika," afisa alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa nzito. "Ndege wapo. Huyo wa chumvi akatafute kwingine."

Othmani nusura amkumbatie.

Walikuwa wameshageuka kuelekea kwenye gari Yeremia aliposita. Alirudi peke yake hadi ukingoni, akavua kofia na kuinama kidogo kumwelekea yule heroe mfupi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu heroe. "Haya nenda sasa, tushushe miguu."